Kimeta Huamshwa na Mwili wa Ng'ombe

Vijidudu vya kimeta hukaa ardhini miaka mingi. Kila kimoja kimejifunga ndani ya ganda gumu. Hakili, hakizai. Jua na ukame havikiui upesi.

Ng'ombe akila majani mafupi, humeza vijidudu hivyo pamoja na udongo. Vijidudu havina macho. Vitajuaje kuwa vimeingia ndani ya mnyama? Mwilini mwa ng'ombe kuna vitu vidogo sana vinavyojenga protini. Vitu hivyo vikifika kwenye ganda, kijidudu huamka. Joto la mwili na hewa ya kaboni iliyomo katika damu hukiambia kianze kutengeneza sumu. Sumu hiyo huingia katika chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, na kuvuruga mawasiliano yao. Ng'ombe aliyekula vizuri jioni huweza kukutwa amekufa asubuhi.

Mzoga usipopasuliwa, vijidudu vingi hufa humo unapooza. Ukipasuliwa, vinapata hewa ya nje na kujifunga ganda tena. Kwa hiyo, ng'ombe akifa ghafla, hasa damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani, usimchune. Usile nyama yake, hata kama majirani wamekwisha leta visu! Kimeta huua watu pia. Mwite Bwana Mifugo. Mzoga uchomwe moto au ufukiwe mzimamzima katika shimo la mita 2, na ng'ombe waliobaki wachanjwe.