Takataka za Nyumbani na Funzo la Shinkolobwe

Kila asubuhi mama akiisha kufagia ua, humwita mtoto na kumwambia, “Nenda ukazitupe.” Mtoto huenda nyuma ya ukuta, humwaga ndoo mferejini, kisha hurudi mikono mitupu. Ua umekuwa safi. Lakini je, takataka zimekwisha? La, hazikwisha. Zimehama tu.

Sisi wa upande wa Likasi tunaye mwalimu wa jambo hili, naye yu karibu, kiasi cha kilomita 20 kutoka mjini. Ndiyo Shinkolobwe. Mgodi wake ulitoa urani iliyotumika katika bomu la Hiroshima mwaka 1945. Mwaka 1960 kampuni ya Union Minière iliufunga, ikaenda zake, lakini marundo ya mabaki hayakwenda naye mtu. Miaka ikapita, watu wakaja kuchimba kobalti kwa mikono yao. Mwezi wa Januari 2004 amri ya Rais iliwakataza. Hata hivyo kazi iliendelea, na mwezi wa Julai mgodi ukaporomoka, watu 8 wakafa.

Hatusemi kwamba maganda ya ndizi ni sawa na urani. Twasema kanuni ni moja: kila mabaki hayana budi kuwa na mwenyewe, na mahali pake, na mwisho wake unaojulikana. Yasipokuwa nayo, hungoja watu.

Haya, tuitazame ndoo yetu. Benki ya Dunia iliandika mwaka 2018 kwamba katika nchi maskini zaidi ya nusu ya takataka ni mabaki ya chakula na majani. Basi zaidi ya nusu ya mzigo haina haja ya kutoka uani. Chimba shimo mahali palipoinuka, mbali na kisima. Tia maganda, majani na majivu kidogo. Funika kwa udongo kila mara, na kugeuza mara kwa mara. Baada ya miezi michache utapata mbolea nyeusi ya kustawisha lengalenga na mahindi. Lakini ukichanganya na plastiki na betri, umeiharibu yote. Kwa hiyo kazi ya kutenga huanza jikoni, si jalalani.

Wala familia peke yake haiwezi. Sheria ya mwaka 2008 imezipa komini za Kongo mamlaka yao wenyewe, nazo Likasi, Kikula, Panda na Shituru ni komini za mji wetu. Tungependa kila komini ifanye mambo manne. Kwanza, itangaze siku na mahali pa kupokea vitu vilivyotengwa, isibadilishe ovyo. Pili, iwape mahali pa kazi wanunuzi wa vyuma vikuukuu na chupa, badala ya kuwafukuza. Maana mafundi huyeyusha aluminiamu wakafanya sufuria, na chuma hakiozi bure. Tatu, ikitoza ada ya usafi, isome hesabu yake mbele ya watu. Atoaye asipoona matumizi, kesho hatatoa.

Nne, nalo ni kubwa katika nchi ya migodi: ifundishe ni kitu gani kisirudishwe nyumbani kamwe. Pipa lililokuwa na dawa za kiwandani lisiwe pipa la maji. Jiwe au chuma kilichotoka Shinkolobwe kisijengewe nyumba wala kuuzwa kwa kilo. Kutumia kitu mara ya pili ni busara, ikiwa twajua kilikotoka.

Mwenye kuona haya ni maneno ya shuleni na atazame Bukavu. Huko takataka hutupwa mabondeni, mvua huzisukuma hadi Ziwa Kivu, na maji huzipeleka katika mto Ruzizi, ambako huziba mitambo ya umeme. Aliyeitupa chupa yake asubuhi hukaa gizani jioni, akiulaumu umeme!

Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kwa amri ya Desemba 2017. Rwanda ilitangulia mwaka 2008, ikaishika sheria yake kwa bidii. Amri ni njema, lakini amri haimpi mama kapu la kwendea sokoni. Komini ikiwasaidia wasusi wa vikapu na washonaji wa mifuko ya nguo, itakuwa imeipa sheria miguu ya kutembea.

Nanyi wanafunzi, anzeni kesho: ndoo mbili nyumbani badala ya moja. Ni jambo dogo, lakini wazee walinena, mdharau mwiba mguu huota tende. Na mama akisema tena, “Nenda ukazitupe,” mwulizeni kwa adabu, “Mama, tuzitupe wapi?” Swali hilo likifika kwa wakuu wa komini, kazi imekwisha kuanza.