Bei na Ushindani: Maduka ya Kupakua Muziki

Wakiulizwa kwa nini bei ya wimbo mtandaoni ni ndogo, watahiniwa wengi huandika "kwa sababu ya ushindani" na kuweka nukta. Jibu hilo si kosa, ila halisemi nani anashindana na nani.

Anza na kitu unachokijua. Mkulima wa Karagwe akiuza kilo ya kahawa, kilo hiyo imekwenda. Hana budi kuvuna nyingine. Wimbo ukisharekodiwa, nakala ya pili, hata ya elfu kumi, haigharimu karibu chochote. Ndiyo maana muuzaji anaweza kushusha bei sana, na ndiyo maana mtu asiyehusika naye anaweza kuunakili.

Tazama kwanza duka kwa duka. Mwaka 2003 Apple ilifungua iTunes nchini Marekani, kila wimbo senti 99. Amazon ilipoingia mwaka 2007 iliuza nyimbo nyingi kwa senti 89. Mwaka 2009 Apple ikaweka madaraja matatu: senti 69, senti 99 na dola 1.29. Umeona? Nyimbo zilizotafutwa sana zilipanda bei. Ushindani haushushi bei ya kila kitu.

Sasa rudi Kayanga au Nkwenda. Hapa mpinzani mkubwa wa duka la mtandaoni ni kibanda chenye kompyuta, kinachokujazia memori kadi nyimbo kwa malipo ya mara moja. Kibanda kisichomlipa msanii kinavunja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kwa kukwepa gharama hiyo hushinda kwa bei. Diamond Platnumz aliingia soko la aina hii alipozindua Wasafi.com mwaka 2017. Mdundo ya Kenya ilichukua njia nyingine: msikilizaji anapakua bure, mtangazaji ndiye analipa.

Bure hiyo nayo ina gharama. Wimbo wa dakika 4, kwa kilobiti 128 kwa sekunde, hula karibu megabaiti 4 za bando. Nyimbo 50 ni karibu megabaiti 200. Msanii naye hupata kulingana na idadi ya waliopakua. Anayeimba Kiswahili ana wasikilizaji nchi nzima na nje yake. Anayeimba Kinyambo anawategemea zaidi watu wa Karagwe na Kyerwa, kule kule kwenye kibanda.

Jipime: Msanii wa Kinyambo auze kila wimbo kwa bei, au autoe bure kwa matangazo? Toa hoja tatu.