Fundi Hutangulia Mtambo

Umeme unapokatika jijini Bujumbura, mshumaa huwashwa na mtoto huendelea na masomo kwa shida. Ili kupunguza adha hiyo, Burundi ilizindua mwaka 2021 kituo cha umeme wa jua cha megawati 7.5 huko Mubuga, Gitega. Aidha, inagawana sawa na Rwanda na Tanzania megawati 80 za maporomoko ya Rusumo.

Hata hivyo, mtambo bila fundi ni chuma tu. Mwaka 1991 Denmark ilisimamisha huko Vindeby mitambo 11 ya upepo baharini, shamba la kwanza la aina hiyo duniani, na ufundi mpya ukazaliwa. Askari hakabidhiwi bunduki kabla ya kufunzwa. Fundi wa mitambo hiyo naye hufunzwa kwanza kupanda mnara, kuzima moto, kutoa huduma ya kwanza na kujiokoa majini.

Burundi haina bahari, lakini funzo hilo linaihusu, kwani nguzo ya umeme nayo haisamehe uzembe. Mzazi mwenye mtoto, wa kiume au wa kike, apendaye kufungua redio mbovu asimkaripie, bali ampeleke shule ya ufundi. Huenda mikono hiyo ndiyo itakayorudisha mwanga nyumbani.