Jina la Dawa Linadanganya: Usome Namba Yake



Mapipa mengi ya dawa za kazi yanafika Kisangani kwa njia ya mto. Yanapakiwa Kinshasa, yanapanda kilomita 1.700 hivi, kisha yanashushwa bandarini kwetu, maana mbele yake maporomoko ya Wagenia yanazuia mashua. Njiani mvua inanyesha, jua linachoma, karatasi ya pipa inachubuka. Pipa likiingia magazini, pengine yamebaki maneno mawili matatu tu. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Tutwae mfano mmoja. Kwa Kifaransa kuna «benzine» na kuna «benzène». Kwa macho ni karibu neno moja, lakini si kitu kimoja. Benzine ni ndugu wa esanse: ni mchanganyiko wa mafuta mepesi ya petroli, na watu wanausafishia vyuma. Inawaka upesi na mvuke wake unalevya. Benzène, yaani benzeni, ni kitu kimoja peke yake, fomula yake C6H6. Nayo inawaka na kulevya, lakini ina ubaya mwingine. Ukiivuta kwa muda mrefu inaharibu uboho wa mifupa, mahali damu inapotengenezwa, na inaweza kuleta kansa ya damu. Ndiyo sababu mwaka 1971 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Mapatano namba 136, yanayotaka benzeni iachwe kila mahali panapopatikana dawa nyingine isiyo na madhara au yenye madhara machache kuliko hiyo.

Basi, herufi moja ikifutika, utajuaje kilichomo ndani ya pipa?

Dawa nayo ina matrikule

Siku ya mshahara, wakiitwa Asani, wanaweza kusimama watu watatu. Lakini matrikule yako ni yako peke yako. Wanakemia walipata shida hiyo hiyo. Dawa za kemia ogania, yaani zile zenye kaboni, ni nyingi mno, na kila moja ina majina mengi. Anayetafuta yaliyoandikwa juu yake anaweza kupotea kabisa.

Walitafuta njia pole pole. Kuanzia mwaka 1881, Friedrich Beilstein wa Saint-Pétersbourg alitoa kitabu kikubwa kilichozipanga dawa hizo. Mwaka 1900 Edwin Hill wa Marekani alionyesha namna ya kuzipanga kwa fomula: kwanza kaboni, pili hidrojeni, kisha nyingine kwa kufuata alfabeti. Mwaka 1907 chama cha wanakemia wa Marekani kilianzisha gazeti *Chemical Abstracts*, lililofupisha makala za kemia za dunia nzima na kuziwekea faharasa. Mwisho, mwaka 1965, walianza kuipa kila dawa namba yake, inayoitwa namba ya CAS. Gazeti la karatasi lilikoma mwaka 2010. Leo kazi hiyo inafanywa kwa kompyuta, na dawa zilizoandikishwa zimepita milioni 200.

Jirani zetu wa Yangambi wanaielewa njia hiyo. Mti mmoja unaweza kuwa na jina lingine kwa Walokele na lingine kwa Waturumbu, lakini katika akiba yao ya mimea iliyokaushwa unatafutwa kwa jina moja tu la kisayansi.

Namba inajipima yenyewe

Namba ya benzeni ni 71-43-2. Ile ya benzine ya petroli mara nyingi ni 8032-32-4. Hapo hakuna wa kuyachanganya.

Tena, tarakimu ya mwisho ni mlinzi. Acha ile 2 ya mwisho wa 71-43-2, kisha anza kuhesabu toka kuume: 3 mara 1, 4 mara 2, 1 mara 3, 7 mara 4. Jumlisha: 3 na 8 na 3 na 28 ni 42. Tarakimu ya mwisho ya 42 ni 2, sawa na mlinzi. Sasa fikiri umekosea ukaandika 71-34-2. Jumla inakuwa 41, mlinzi anakataa: urudi kwenye pipa usome upya.

Lakini ukumbuke: hesabu hiyo inaonyesha kwamba umenakili vizuri. Haionyeshi kwamba aliyejaza pipa alitia kitu kilichoandikwa.

Ufanye hivi

1. Usifungue pipa wala usinuse ili kujua ni dawa gani.

2. Nakili namba yote pamoja na vistari vyake. Dawa iliyochanganywa inaweza kuwa na namba nyingi, nakili zote.

3. Pima tarakimu ya mwisho.

4. Peleka namba kwa mkuu wa usalama. Kwa namba hiyo atapata karatasi za usalama zilizotengenezwa na Shirika la Kazi la Kimataifa pamoja na Shirika la Afya Duniani. Zinaeleza kinga ya mikono na ya pumzi, namna ya kuzima moto, na msaada wa kwanza.

5. Ukimimina dawa katika chombo kingine, andika jina na namba juu yake mara moja. Usitumie kamwe chupa ya kinywaji.

6. Ikiwa namba imefutika, pipa liwekwe kando, lisitumiwe mpaka lijulikane.

Na mwenzako akianguka kazini kwa sababu ya dawa, mpelekee munganga namba ile pamoja na mgonjwa. Jina peke yake linaweza kumpoteza njia. Namba itamfikisha upesi kwenye yale ambayo wataalamu wameandika juu ya dawa ile.

Karatasi ndogo na kalamu mfukoni ni vyombo vya kazi, kama kofia na viatu. Uvibebe kila siku.