Kiyoyozi na Joto la Kaskazi

Wanachama wetu kadha wa kadha, wa Pemba na wa Unguja, wametuuliza juu ya viyoyozi. Zamani chombo hiki kilikuwa cha mahoteli na maafisi, lakini siku hizi mtu akishauza karafuu zake, akawalipa wachumaji, na akabakiwa na chochote, huenda akanunua kimoja akakitia chumbani. Sisi hatuoni ubaya. Mtu aliyeshinda juani akigeuza karafuu jamvini astahili kulala usiku. Ila twaona kwamba vyombo hivi vingi huharibika upesi, na aghalabu huharibika mwezi wa Februari, wakati ambao mwenyewe anakihitaji khasa. Sababu ni kuwa hakuna aliyekitazama kabla ya kaskazi kuanza.

Yafaa kwanza tujue kiyoyozi hufanya nini. Watu hudhani kwamba hutengeneza baridi. Sivyo. Kiyoyozi hulichukua joto lililomo chumbani, kikaenda kulitupa nje, na ndiyo maana kina masanduku mawili. Ndani ya mabomba yake ya shaba mna gesi. Gesi hiyo ipitapo katika sanduku la ndani huwa baridi sana, ikanyonya joto la chumba. Kisha husukumwa mpaka sanduku la nje, na huko huko mna pampu, ambayo mafundi huiita kompresa, huishindilia mpaka ikawa moto kuliko hewa ya uwanjani. Hapana budi iwe moto zaidi, kwani joto halitoki penye ubaridi likaenda penye moto. Feni ya nje huipuliza, joto likaondoka, na gesi ikarudi ndani kuchukua jingine. Basi ukilisikia sanduku la nje linapuliza hewa ya moto usishituke, hilo ndilo joto la chumba chako.

Kazi yake ya pili ni kukausha hewa, na kwa kweli hii ndiyo iliyotangulia. Mwaka 1902 Mmarekani mmoja, Willis Carrier, alitakiwa atafute dawa ya matata yaliyokuwa katika kiwanda cha kupiga chapa huko Brooklyn. Wakati wa joto karatasi zilikuwa zikinyonya unyevu na kutanuka, na rangi zikawa hazikai mahali pake. Yeye akabuni mtambo wa kuipitisha hewa penye mabomba ya baridi ili maji yaliyomo yatoke. Mkulima wa karafuu hahitaji kuelezwa sana juu ya unyevu. Katika kaskazi joto la mchana visiwani kwetu hufika digrii 32 au 33, lakini linalotuchosha zaidi ni yale maji yaliyomo hewani, jasho likakataa kukauka. Kiyoyozi cha ukubwa wa 12,000, ambacho ndicho cha kawaida kwa chumba cha kulala, huweza kutoa lita moja ya maji na zaidi kwa saa moja katika hewa kama yetu.

Maji hayo lazima yawe na pa kwendea, na hapa inatupasa tuseme kosa letu wenyewe. Katika chumba cha Chama kuna kiyoyozi ukutani, na msimu uliopita tuliweka magunia matatu ya karafuu kavu chini yake kwa kuwa pengine pote palikuwa pamejaa. Mpira wa kutolea maji ulikuwa umeziba kwa utelezi na vumbi. Maji yakajaa katika sinia lake, yakafurika, yakateremka ukutani nyuma ya magunia, polepole, usiku baada ya usiku, wala hapana aliyeona kwa sababu sakafu ya mbele ilikuwa kavu. Tulijua tulipoanza kusikia harufu ya uvundo. Tulipoyafungua, karafuu za upande wa ukuta zilikuwa zimelainika, na nyingine zimeota ukungu mweupe. Tukazitoa na kuzianika upya, lakini rangi yake haikurudi, na kituoni zikashuka daraja. Zilikuwa mali ya mwanachama mmoja mjane aliyetuamini tumwekee. Chama kikamlipa tofauti, na halikuwa jambo jepesi kumweleza.

Kwa hivyo twaanza na maji. Washa kiyoyozi kwa saa nzima siku yenye unyevu, kisha toka nje ukautazame mwisho wa mpira. Ukiona unadondosha vizuri, hapana neno. Ukiwa mkavu, na chumba kimepoa, ujue maji yamekwama ndani. Zima, kisha uunyonye ule mwisho wa nje kwa pampu ya mkono mpaka uchafu utoke. Usichokoe kwa waya, maana mpira ukitoboka ndani ya ukuta utakuwa umejiongezea kazi. Tazama pia kama mpira unateremka moja kwa moja. Tumeona nyumba ambamo fundi aliupandisha kwanza ili upite juu ya dirisha, kama kwamba maji yana miguu.

La pili ni chujio. Ukifungua kifuniko cha sanduku la ndani utaliona, la plastiki lenye matundu madogo kama chandarua. Kazi yake ni kuzuia vumbi, na likijaa hewa haipiti. Hewa isipopita mabomba hupata barafu, chumba hakipoi, na umeme waenda bure. Vitabu vya watengenezaji husema lioshwe kila baada ya wiki mbili au mwezi. Katika nyumba inayochambuliwa karafuu barazani sisi twasema kila wiki, kwa sababu vumbi la karafuu na makonyo ni jepesi na huingia kila pahali. Zima kwanza swichi ya ukutani, si rimoti tu. Lioshe kwa maji na sabuni kidogo, ulikaushe kivulini, na usilirudishe mpaka liwe kavu kabisa. Usilianike juani pamoja na karafuu. Karafuu yapenda jua, lakini plastiki hujikunja na haitaingia tena mahali pake.

Sanduku la nje lataka nafasi. Lisizungukwe na magunia ya makonyo, wala kuni, wala lisijengewe kibanda cha kulificha. Pande zake zina mapezi membamba ya bati yanayopitisha hewa, na kwa wakaao karibu na pwani chumvi huyala. Yaoshe kwa maji matamu ya mfereji, yamiminwe taratibu baada ya kuzima umeme wote. Bomba la nguvu kama la kuoshea magari litayalaza mapezi hayo kama nyasi. Ndani ya sanduku lenyewe usitie mkono, maana mna kifaa kinachoweka umeme hata baada ya kuzimwa. Hiyo ni kazi ya fundi.

Tumeulizwa pia, na huenda swali lilikuwa la mzaha, kama haifai kutandaza jamvi mbele ya sanduku la nje siku za mvua za vuli ili ile hewa ya moto ikaushe karafuu. Twamsifu aliyelifikiri. Lakini hewa hiyo huja na uchafu wote uliomo katika mapezi, na vumbi la karafuu nalo litanyonywa na kurudi kuyaziba. Karafuu zitachafuka na kiyoyozi kitakufa.

Sasa juu ya gesi, ambako ndiko watu wengi huliwa pesa zao. Gesi ya kiyoyozi haipungui kwa kutumiwa kama mafuta ya taa. Huzunguka ndani ya mabomba miaka yote. Fundi akikwambia kila mwaka lazima iongezwe, muulize imetokea wapi. Ikiwa imepungua, pana pahali panapovuja, na kuongeza bila ya kuziba ni kutia maji katika mtungi uliopasuka. Tena kila kiyoyozi kina gesi yake, imeandikwa katika kibandiko cha sanduku la nje, wala hazichanganywi. Vya zamani vina R-22, ambayo huharibu tabaka la hewa linalotukinga na jua. Kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 gesi hiyo inaondolewa, na nchi kama yetu zatakiwa ziwe zimeiacha takriban yote ifikapo 2030. Basi ukiuziwa kiyoyozi cha R-22 kwa bei ya chini, fikiri miaka michache mbele. Vipya vingi vina R-32, ambayo ni nzuri zaidi lakini yaweza kushika moto, kwa hivyo asiruhusiwe mtu kuvuta sigara karibu na fundi anapoishughulikia.

Umeme wataka hadhari kubwa kuliko yote. Unguja yapata umeme wa bara kwa waya wa chini ya bahari tangu mwaka 1980, na Pemba kutoka Tanga tangu 2010. Walioko Unguja hawajasahau waya ulipoharibika mwezi wa Disemba 2009, kisiwa kikakaa gizani kwa miezi mitatu katikati ya kaskazi. Siku hizi kukatika ni kwa muda mfupi, lakini umeme urudipo huja na nguvu isiyo sawa. Ukikatika, kizime kiyoyozi, na ukirudi ngoja dakika tano kabla ya kukiwasha. Pampu ikilazimishwa kuanza kabla gesi haijatulia yaweza kuungua. Viko vifaa vya kulinda umeme ambavyo hungoja hivyo vyenyewe, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na ya pampu. Kiyoyozi kiwe na waya wake mnene utokao kwenye swichi kubwa, na waya wa ardhini usikosekane. Kisiungwe katika waya wa kuazima unaopita chini ya mkeka. Gusa plagi baada ya saa moja. Ikiwa ya moto, zima na umwite fundi siku hiyo hiyo, maana nyumba huungua hivyo.

Chumba nacho kitengenezwe. Chumba cha bati kisicho na dari hakitapoa hata ukitia viyoyozi viwili, kwani bati la saa nane mchana ni kama kikaango. Weka dari kwanza. Ziba nafasi ya chini ya mlango, na uteremshe pazia upande wa jua. Kiweke kiyoyozi digrii 25 au 26 pamoja na feni. Kukiweka 16 hakukipozi chumba upesi zaidi, huifanya mashine isipumzike tu.

Na kwa kuwa chumba kimefungwa, chetezo cha udi kisikae humo na makaa yakiwaka, wala jiko la mkaa lisiingizwe kabisa. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na aliyelala haamki. Mwenye kupenda udi afukize madirisha yakiwa wazi, atoe chetezo, ndipo afunge.

Fundi aitwe mwezi wa Septemba au Oktoba, kabla uchumaji wa vuli haujapamba moto. Mapatano ya bei yafanywe kabla hajafungua skrubu ya kwanza. Ikifika Januari mafundi wote huwa na kazi, na atakayekuja ni yule ambaye wengine hawakumtaka.