Fremu za Mikindani na mzigo uliohamia Mtwara

Mwenye duka wa Mahurunga, kule karibu na mdomo wa Ruvuma, akiishiwa bidhaa hufuata mzigo wa jumla Mtwara mjini. Lakini kabla ya 1947 mji mkubwa wa biashara wa pwani hii ulikuwa Mikindani. Majahazi yalipakia pembe na sandarusi, baadaye mpira na ufuta. Wafanyabiashara wa Kihindi wakajenga nyumba za ghorofa: duka chini, familia juu, roshani ya mbao ikitazama barabara. Wajerumani nao wakajenga Boma lao hapo mwaka 1895.

Jengo linaloniuma zaidi ni lile liitwalo Soko la Watumwa. Jina hilo ni zito, na libaki hivyo, kwa kuwa misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilishusha watu katika ghuba hii. Sultani Barghash wa Zanzibar alipiga marufuku masoko ya watumwa mwaka 1873, lakini magendo yaliendelea. Siku hizi ndani ya jengo hilo mna fremu za kazi za mikono. Matao yake, ambayo zamani yalikuwa wazi, yalizibwa wakati wa ukarabati. Kibiashara hiyo ni hasara: tao lililo wazi humpa mpita njia kivuli, naye akisimama huona bidhaa.

Kilichoipunguza Mikindani ni mzigo kuhama. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga Nachingwea, wakahitaji bandari ya kina. Ghuba ya Mikindani ina maji machache, ya Mtwara inapokea meli kubwa. Ofisi za serikali zikahamia huko. Karanga zikashindwa, mradi ukavunjwa 1951, na reli iliyojengwa kwa ajili yake ikafungwa 1962. Bandari, iliyokamilika 1954, ikabaki, na korosho zikapita hapo. Wenye maduka hawakuwa na sababu ya kurudi nyuma.

Boma lilipata bahati nyingine: shirika la Trade Aid la Uingereza lililikarabati, likawa hoteli inayofundisha vijana kazi. Soko halikupata matumizi ya uzito huo. Fremu za vinyago humngoja mtalii, na watalii huku ni wachache. Mimi ningezipangisha kwa wauza samaki, wabanguaji wa korosho na mafundi cherehani, ambao wateja wao wanaishi Mikindani hiyo hiyo, na sharti la kwanza la mkataba wa pango liwe kuyazibua matao.