MAELEZO KUHUSU BARUA PEPE ZINAZOKATAA KUTOKA

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanafahamishwa kwamba kompyuta inayopokea barua pepe vizuri lakini ikashindwa kuzituma si lazima iwe imeharibika, wala hiyo si dalili ya virusi. Mara nyingi seva ya barua imekataa kwa makusudi, na sababu yake imo katika tarakimu tatu zinazorudishwa pamoja na taarifa ya kukataliwa. Tarakimu hizo zisifutwe. Ziandikwe kama zilivyo na zifikishwe kwa fundi, kwani bila ya hizo fundi hubahatisha.

Kanuni za kupeleka barua pepe zilizotolewa mwaka 1982 hazikuweka mlinzi mlangoni. Seva iliweza kupokea barua ya mtu yeyote na kuipitisha kwa mtu yeyote. Ukarimu huo ulitumiwa vibaya na wasambazaji wa barua taka katika miaka ya 1990, hata programu ya Sendmail, katika toleo lake la 8.9 la mwaka 1998, ikaanza kukataa kupitisha barua za wageni isipokuwa msimamizi ameruhusu. Mwezi wa Machi 1999 ulichapishwa utaratibu wa mtumaji kujitambulisha kwa seva kabla ya barua yake kupitishwa. Hivi sasa seva iliyopangwa vyema hupitisha barua za nje kwa aliye ndani ya mtandao unaoaminiwa, au kwa aliyejitambulisha.

Hapo ndipo wengi wanapotatizika. Mtumishi hutuma barua kutoka afisini Unguja bila ya taabu, kwa kuwa seva inautambua mtandao wa afisi. Anapovuka kwenda Pemba na kompyuta ile ile, akaiunganisha kwa simu yake ya mkononi, hujibiwa 550 au 554, yaani kupitisha kumekataliwa. Ruhusa ilikuwa ya mtandao, haikuwa yake. La kushangaza zaidi ni kuwa barua kwa mwenzake wa afisi hiyo hiyo huweza kufika, na ya nje ikarudi. Dawa yake ni kuwasha uthibitisho wa jina na neno la siri katika mipangilio ya barua zinazotoka, na kuacha mlango namba 25 kwa kutumia 587 au 465 pamoja na usimbaji. Kampuni nyingi za intaneti huufunga mlango wa 25 kwa wateja wao, na hapo barua hukwama tu pasi na jibu lolote.

Jibu la 530 kwa kawaida lina maana kuwa mtumaji hakujitambulisha. Jibu la 535 ni kwamba amejitambulisha na hakukubaliwa: pengine neno la siri limebadilishwa na la zamani limebakia ndani ya kompyuta, au jina limeandikwa bila ya kikoa chake, au akaunti yenye uthibitisho wa hatua mbili inadai neno la siri maalumu kwa programu hiyo. Kulirudiarudia neno lisilo sahihi huweza kuifungisha akaunti. Jibu linaloanza na 4 ni la muda. Linaloanza na 5 halitabadilika mpaka kosa lirekebishwe.

Wapo mafundi ambao malalamiko yakizidi huifungua seva ipitishe barua za kila mtu. Jambo hilo halifai hata kwa siku moja. Wasambazaji huigundua seva ya namna hiyo upesi, anwani yake ikaingizwa katika orodha za kuzuiwa, na barua za afisi nzima zikaanza kurudi: za mishahara, za zabuni, za wagonjwa wanaopelekwa matibabuni nje. Kwa wanaotumia Postfix, orodha ya mitandao inayoaminiwa iwe na mtandao wa afisi pekee.

Aidha, barua iliyopitishwa na seva yake huweza kukataliwa na mpokeaji. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinawataka watumaji wawe na SPF au DKIM, ambazo huonyesha kuwa barua imetoka mahali palipoidhinishwa na kikoa husika. Wanaotuma kwa wingi hutakiwa kuwa nazo zote mbili pamoja na DMARC. Kwa hiyo mtumishi mwenye anwani ya afisi asiipeleke barua hiyo kupitia seva ya akaunti yake binafsi, hata kama seva ya afisi imemkatalia asubuhi hiyo.